Barua kwa Mpwa Wangu Aliye Chuoni

Kasumulu, Kyela

Mpwa wangu mpenzi,

Barua uliyomwandikia mama yako imenifikia, kwa kuwa aliposhindwa kuimaliza alinipa mimi nimsomee. Nami nimeisoma, nikairudia, na leo nimeketi kukujibu kwa utaratibu kama ilivyo desturi ya watu wanaopendana.

Umesema mambo manne. La kwanza, ada ya muhula huu imebaki pungufu na majina ya wanaodaiwa yamekwisha kubandikwa. La pili, mpunga wa nyumbani umekwenda na mafuriko ya mto Songwe, na fedha ya kakao haijaingia, kwa sababu kakao yetu siku hizi hupelekwa ghala la chama cha msingi, ikangoja mnada, na malipo yakafuata baada ya mnada, ilhali kalenda ya chuo haimngoji mkulima. La tatu, mwenzio amekutafutia nafasi ya kuuza katika duka la dawa, nawe umeazimia kuacha masomo kwa muda. La nne, ambalo umelipitia kwa maneno machache kana kwamba si kitu, ni kwamba hujamwambia mtu yeyote chuoni, kwa sababu unaona haya. Katika hayo manne ni hilo la mwisho lililonitia huzuni, wala si deni. Na ndilo nitakalolizungumza zaidi, baada ya kukueleza kwanza kwa nini kuacha sasa ni hasara kubwa kuliko unavyoidhania.

Ilmu unayoitafuta, mpwa wangu, si ya kuuzwa nusu. Yuko mtu aliyesoma historia mwaka mmoja na nusu akaacha, na bado historia ile ikamfaa katika mazungumzo yake na watu. Lakini uuguzi na ukunga ni kazi ambayo sheria ya nchi imeiwekea mlango, na mlango ule una ufunguo mmoja tu, nao ni leseni. Umeingia chuoni kwa alama zako za kidato cha nne, hususan zile za kemia, bayolojia na fizikia ulizozihangaikia mno. Unapanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita kama zilivyopangwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Na mwisho wa miaka mitatu utapata stashahada. Walakini hata hiyo stashahada peke yake haikupi ruhusa ya kumshika mgonjwa. Sharti usimame mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililowekwa chini ya sheria ya mwaka 2010 iliyorithi ile ya mwaka 1997, ufanye mtihani wake, uandikwe katika daftari lake, upewe leseni, na leseni ile nayo uihuishe kila muda wake unapokwisha, ukionyesha kwamba umeendelea kujifunza.

Wako wanaoona taratibu hizi kuwa ni usumbufu wa makarani. Mimi sioni hivyo. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, akaletwa kwa bodaboda kutoka vijiji vya Ntebela mpaka hospitali ya wilaya, au akavushwa kwa mtumbwi kutoka vitongoji vya ufukweni mpaka hospitali ya Matema, hana wasaa wa kukuuliza ulisoma wapi na kwa nani. Anakukabidhi roho yake na ya mwanawe kwa kuwa umevaa sare tu. Leseni ni ahadi ambayo taifa zima limempa mama yule kwa niaba yako, kabla hajakufahamu, ya kwamba mikono inayompokea imekwisha kupimwa na watu wanaojua. Na lau pasingekuwa na ahadi hiyo, kila leba ingekuwa ni bahati nasibu.

Tazama sasa yule jirani yetu fundi umeme, ambaye jina lake sina haja ya kukutajia kwa kuwa unamjua. Kijana yule alikuwa na akili ya ajabu. Alisoma katika chuo kimoja cha ufundi, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mbele, na alipokuwa amebakiza muhula wa mwisho, baba yake akaugua, fedha ya ada ikaenda katika matibabu, akazuiwa kufanya mtihani kwa deni dogo, deni ambalo aila yake ingeweza kulikusanya katika wiki moja lau angalifumbua kinywa. Hakufumbua. Alifunga begi lake akarudi nyumbani, akasema atakwenda tena mwaka ujao, na mwaka ule haukuja. Leo anatandaza nyaya katika nyumba nyingi za hapa Kasumulu, na kazi yake ni safi. Lakini mwenye nyumba anapotaka kuomba umeme wa TANESCO, ile fomu inataka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, naye hana. Basi hupanda gari mpaka mjini akamtafuta mwenye muhuri, ambaye hakuuona hata waya mmoja wa nyumba ile, akamlipa, akarudi. Sehemu ya jasho lake humezwa na muhuri wa mwingine, mwaka baada ya mwaka. Na lililo baya kuliko yote, endapo siku moja nyumba itaungua, hapana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yeye ni fundi.

Na hapa mpakani penyewe umejionea kwa macho yako. Malori yanapopanga foleni kuelekea daraja la Songwe, wako vijana wanaoyakimbilia wakidai kuwa ni mawakala wa forodha, nao ni vishoka; na wako wengine, walioajiriwa na kampuni zenye leseni, waliosomea cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, ambao huketi ofisini na kuandaa nyaraka kwa majina yao. Yumkini kishoka hodari anaijua kanuni ya ushuru kuliko yule aliyeketi ofisini. Lakini siku afisa akiuliza nani ametia saini, kishoka hutoweka, kwa sababu saini yake haina uzito mbele ya sheria. Sitaki mtoto wa dada yangu awe kishoka wa wodini.

Kuhusu lile duka la dawa, nakuomba uwe na hadhari sana. Usidhani kwamba ni mahali pasipo sheria pa kujisitiri kwa muda. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa nchini mwetu mwaka 2003, mkoani Ruvuma, kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba watu wa vijijini walikuwa wakiuziwa dawa na wasiojua wanauza nini. Na sharti lake kubwa ni kwamba anayesimama nyuma ya kaunta awe amefunzwa na kutambuliwa na Baraza la Famasi. Anayekwambia wewe umesoma uuguzi kidogo, inatosha, anataka kuitumia elimu yako kufunika upungufu wake. Siku mtoto akipewa dozi isiyo yake, mwenye duka atasema muuzaji alikuwa muuguzi, na Baraza utakalosimama mbele yake kesho kuomba leseni litakuwa na habari zako kabla hujabisha hodi. Wala usidanganywe na wale wanaosema kwamba ng'ambo ya daraja mambo ni mepesi: mchele na vitenge huvuka Songwe kila siku ya soko, lakini muuguzi asiye na leseni ya hapa hana anachovuka nacho, maana Malawi nao wana baraza lao la wauguzi na wakunga, nalo litamwuliza hayo hayo.

Sasa nije katika lile la haya.

Katika umri wangu nimeona vijana wengi wakiacha vyuo, na aghalabu yao hawakushindwa na masomo, wala hawakushindwa na umaskini ule mkubwa wa tangu kuzaliwa, kwa kuwa umaskini huo walikwisha kuuzoea na kuufanyia tadbiri. Walishindwa na dharura moja ya ghafla, mafuriko, msiba, nauli ya kwenda mazoezini, bima ya afya iliyokwisha muda wake, kodi ya chumba, kitu ambacho ukikipima na gharama ya miaka mitatu ni kidogo mno. Na kila mmoja aliondoka kimya. Kutoka chuoni katika hali hiyo ni sawa na kuukimbia mpunga uliokwisha kuchanua kwa sababu ndege wametua siku moja.

Binamu yako aliyehamia Marekani, naye akasomea uuguzi katika vyuo vile vya jamii vya umma ambavyo kikongwe chao kilicho hai hadi leo kilifunguliwa mjini Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, alinieleza jambo lililonifikirisha sana. Huko nako mhitimu hapati kumhudumia mgonjwa mpaka ashinde mtihani wa leseni. Na huko nako wanafunzi, wengi wao wazazi na wafanyakazi wa usiku, huanguka kwa mambo madogo ya ghafla, gari kuharibika au mtoto kuugua. Basi vyuo vingi vikaweka mfuko wa dharura. Mwaka 2020, katika maradhi ya korona, Bunge lao lilipovipa vyuo fedha, liliamuru kwamba angalau nusu ya fungu la kila chuo iende mikononi mwa wanafunzi wenyewe, kwa chakula, makazi na matibabu. Na kiko chuo kikuu kimoja mjini Atlanta, Georgia State, ambacho tangu mwaka 2011 huwatafuta chenyewe wanafunzi waliokaribia kuhitimu wakakwama kwa deni dogo, kikawalipia kiasi ambacho kwa wastani hakifiki dola elfu moja, pasipo wao kuomba. Nimelitafakari sana hilo la pasipo kuomba. Waliopanga mpango ule walitambua kwamba mwenye dhiki kubwa ndiye mwenye haya kubwa, na kwamba msaada unaongoja ombi humkosa yule yule aliyewekewa.

Sisi hatujafika hapo, na natamani wenye vyuo vyetu wangefika. Nchi hii haikuwa na ubahili wa fikra katika jambo la elimu ya watu wazima na ya ufundi. Mwaka 1975 ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuufuata mfano wa Sweden, na kimoja kipo jirani yetu, Katumba huko Rungwe. Lakini kujenga darasa ni jambo moja, na kumzuia mwanafunzi asidondoke darasani kwa dharura ni jambo jingine, ambalo bado tumeliachia huruma ya mtu na mtu. Maadamu ndivyo hali ilivyo, yakupasa wewe uombe, tena uombe mapema.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa mlezi wa wanafunzi, si kwa mhasibu. Mhasibu ana hesabu ya kuilinda, mlezi ana wewe. Mweleze habari zote bila kuficha, umwonyeshe barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu mafuriko, ambayo nimemwomba aiandike na nitakutumia picha yake kwa simu leo jioni. Omba kulipa kwa awamu, na utaje tarehe. Usiseme nitalipa nikipata. Pili, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha na wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, baadhi ya zile za afya zikiwamo. Dirisha likifunguliwa soma mwongozo wa mwaka huo mstari kwa mstari, na uanze sasa kukihakikisha cheti chako cha kuzaliwa RITA pamoja na cheti cha kifo cha marehemu baba yako, kwani wengi hukosa mkopo kwa karatasi. Ujue pia kwamba ni karadha, si hidaya: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe, nawe ukatwe kwa moyo mkunjufu, ili na wa nyuma yako wakopeshwe. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliyorejea mwaka 2024 baada ya kusimamishwa si ya ada, usiipotezee muda; hiyo kikundi cha mama yako ndicho kitakachoiomba, kwa ajili ya biashara yao ya mchele.

Na sisi aila hatukukaa bure. Juzi tulikutana kwangu, wajomba na mashangazi wote waliopo Kyela, na watatu waliopo Mbeya wakasema nasi kwa simu, tukaweka mfuko. Kila nyumba itatoa katika kila malipo ya mnada wa kakao fungu lake, nao wenye mishahara watatoa kila mwezi. Fedha itakaa katika akaunti yenye saini tatu, na itatumika kwa jambo moja tu, dharura ya mtoto wetu aliyekwisha kuingia chuo chochote chenye cheti cha kazi, awe muuguzi, fundi, mwalimu au dereva. Tumekubaliana kwamba mtoto hatahojiwa mbele ya kikao. Atampigia shangazi yako mkubwa, naye atatoa ndani ya siku mbili, na sisi wengine tutajulishwa kiasi, si jina. Sharti hilo nililitia mimi, na ni barua yako iliyonifundisha kulitia.

Fungu la kwanza limekwisha kutumwa kwako leo. Ni theluthi ya deni. Ukilipa, nitumie namba ya risiti, si kwa kukushuku, bali kwa kuwa mfuko mpya huhitaji daftari safi. Yule mwenzio wa duka la dawa mjibu kwa adabu kwamba umepata ruhusa ya wazee kuendelea na masomo. Mazoezi ya wodini yanayokuja usiyakose hata siku moja. Nami naingoja simu yako kesho usiku, unieleze mlezi amesemaje na ametaja tarehe gani.

Mama yako anakusalimu sana, na wadogo zako wanauliza utakuja lini.

Mimi mjomba wako.