Kiwete Anapanda Mlima

Ndugu walimu wenzetu, katika kazi hii ya kufundisha Kiswahili hapa Kigali tumezoea kusahihisha makosa ya kila namna, wala hatukudhani kwamba siku moja kosa la upatanisho lingetugusa mwilini. Siku hiyo tulikuwa tukifundisha ngeli ya KI-VI katika darasa moja la sekondari, mtaani Nyamirambo. Tuliwataka wanafunzi watunge sentensi kwa majina ya ngeli hiyo, nao wakaandika habari za viti, vikombe na visu. Kisha msichana mmoja akasimama, akasoma kwa sauti safi: "Kiwete kinapanda mlima." Darasa zima likanyamaza. Macho yakatoka kwenye daftari lake, yakaja kwenye magongo yetu mawili yaliyoegemezwa ubaoni. Maskini mtoto akatambua alilolisema, akainamisha uso.

Yafaa tueleze kwanza jinsi magongo hayo yalivyotufikia, ndipo turudi kwenye sentensi ile.

Mwaka 2003, tukiwa na umri wa miaka 27, tulianza kuumwa mgongo. Maumivu yalizidi usiku kuliko mchana, na kila jioni tulipata homa ndogo na jasho. Katika zahanati ya kwanza tuliambiwa kuwa ni baridi yabisi, tukapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Katika ya pili tuliambiwa kwamba tumebeba mizigo mizito. Miezi ikapita. Hakuna aliyetaja kifua kikuu, nasi wenyewe hatukukitaja, kwa kuwa hatukukohoa hata siku moja. Hapo ndipo jina linapoweza kumponza mtu. Ugonjwa umepewa jina la kifua, lakini vijidudu vyake husafiri katika damu na huweza kufanya maskani katika pingili za uti wa mgongo, vikazila polepole hata zikaporomoka. Daktari Mwingereza, Percivall Pott, alikwisha kuyaeleza maradhi haya mwaka 1779, na hadi leo madaktari huyataja kwa jina lake. Pingili zikiporomoka, mifupa na usaha huukandamiza mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani yake, ambao ndio njia ya amri zote zitokazo ubongoni kwenda miguuni. Sisi tuliyatambua mambo siku tulipofika nyumbani tumevaa ndara moja tu. Nyingine ilikuwa imebaki njiani, na mguu haukutuambia.

Tulipasuliwa, tukanywa dawa kwa mwaka mzima, na vijidudu vikafa. Daktari alitupa mkono kwa furaha, akasema tumepona. Alisema kweli, lakini kupona ni jambo moja, na kurudi kama ulivyokuwa ni jambo jingine. Mshipa ule ukisha kudhurika hauungiki kama mfupa.

Watu huyaona magongo, wakatuhurumia kwa ajili ya magongo. Kwa hakika magongo ndiyo sehemu nyepesi ya mambo yetu. Miguu yetu ina nguvu nusu, tena ni migumu; usiku wa baridi huruka yenyewe kitandani, kama kwamba ina ugomvi wake ambao sisi hatukushirikishwa. Kuanzia kiunoni kwenda chini, joto na baridi hatuvijui barabara. Maji ya kuoga huyapima kwa kiwiko kama mama anavyopima maji ya mtoto. Jioni moja tuliketi karibu na jiko la makaa tukizungumza, na habari ya kwamba mguu unaungua tuliipata kwa pua. Kidonda kile kilichukua miezi minne kufunga.

Kadhalika, mwenye mwili usiohisi hana wa kumwambia kwamba amekaa mno. Kila baada ya muda mfupi yatupasa kujiinua kidogo kitini kwa nguvu za mikono, la sivyo nyama huoza kwa kukaliwa. Wanafunzi wageni hudhani tuna wasiwasi. Na kila usiku, kabla ya kulala, twajikagua kwa kioo. Tusione haya kusema na hili: hatupati haja ndogo kwa njia ya kawaida. Kila baada ya saa nne hivi hutumia mpira wa mkojo, nao wataka mikono safi, maji, na mlango unaofungika. Mtu akitualika arusini, yeye hufikiri juu ya vyakula na ngoma. Sisi swali letu la kwanza ni choo. Hata shule tunayofundisha hatukuichagua kwa sifa zake nyingine kabla ya kuangalia jambo hilo.

Na mji wetu ndio huu. Kigali imejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Anayetoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, bondeni, kuja kwetu Nyamirambo, hana budi kupanda. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa vichochoroni huwa kama sabuni chini ya magongo. Kupanda pikipiki nako kuna shida yake, maana miguu yetu haijui pa kukanyagia, na yapasa iwekwe kwa mikono. Miaka ya kwanza madereva walitubeba mzimamzima kama gunia, bila kutuuliza. Siku hizi yuko kijana mmoja wa kijiweni kwetu ambaye husimamisha pikipiki yake na kuuliza, "Mwalimu, tuanze na mguu upi?" Swali hilo dogo lina adabu kubwa.

Mengi ya kuishi hivi tulijifunza Gatagara, katika wilaya ya Nyanza, kwenye makao yaliyoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Tulikwenda kupimwa vyuma vya miguu, tukidhani tutafundishwa kutembea. Tulifundishwa kwanza kuanguka: kuyatupa magongo pembeni, kuukinga uso, kisha kutafuta njia ya kuinuka. Somo hilo tumelitumia mara nyingi kuliko masomo yote ya chuoni.

Sasa turudi darasani. Msichana yule hakutukana. Alifuata kanuni ya lugha ya mama yake. Kwa Kinyarwanda, neno la zamani *ikimuga* hufuata upatanisho wa ngeli yake, sawasawa na vitu. Na leo neno hilo limeachwa katika lugha ya heshima, husemwa *umuntu ufite ubumuga*, yaani mtu mwenye ulemavu. Sheria nazo zimesaidia: mwaka 2007 Rwanda ilitunga sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Kiswahili kwa upande wake kiliwaweka kiwete, kipofu na kiziwi pamoja na viti na vyungu, jambo ambalo si la kujivunia. Lakini wanapotenda jambo, huwarudishia upatanisho wa watu. Kiwete anakuja. Viwete wawili wamefika. Asemaye "kinakuja" amekosea sarufi, tena amemvua mtu utu wake.

Hayo tuliyaeleza ubaoni, tukiegemea meza. Msichana akafuta, akaandika: "Kiwete anapanda mlima." Kisha akageuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Na akichoka, Mwalimu?"

Tukamjibu, "Akichoka anapumzika. Upatanisho haubadiliki."

Wahenga walisema hujafa hujaumbika, nasi hatuna la kuongeza juu ya hekima hiyo ila maombi mawili kwa wenzetu. La kwanza, mfundishapo ngeli ya KI-VI, msiwapite haraka viumbe wale waliomo ndani yake, maana huenda mmoja wao ameketi darasani akisikiliza. La pili, mwanafunzi au mwalimu mwenzenu akilalamika maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa majuma, pamoja na homa za jioni, msingoje akohoe. Mpelekeni hospitali, mkalitaje jina la kifua kikuu ninyi wenyewe, kwa sauti. Sisi hatukupata wa kulitaja mapema.