Uzamili kwa Njia ya Posta

Jengo moja la zamani, mtaa wa nyuma ya Barabara ya Samora, limevunjwa. Mabati yameshazungushwa, ghorofa inakuja. Kijana anayefanya mazoezi ya uwakili ofisini kwetu aliuliza pale palikuwa na nini. Nikamwambia ndipo niliposomea shahada ya uzamili ya sheria. Akacheka. Cheti kilichotundikwa ukutani kinasema Chuo Kikuu cha London, na London yenyewe nilikuwa sijaikanyaga.

Chuo kile kinatahini watu wa mbali tangu 1858. Kwetu kilikuja ndani ya bahasha za kaki: mwongozo wa somo, orodha ndefu ya hukumu, basi. Mwalimu huna. Ada ilitakiwa kwa pauni, na kabla ya sheria ya 1992 kuruhusu maduka ya kubadilisha fedha, kuipata pauni kihalali ulikuwa mtihani wa kwanza.

Hukumu tuliziazima kwa masharti: kitabu kitoke mchana, kirudi kabla maktaba haijafungwa. Hapo katikati ndipo alipokuwapo mzee wa fotokopi, ndani ya jengo lile lililovunjwa. Mashine yake aliifunika kanga kuukuu, akaiwasha mapema ipate moto, maana mgawo wa umeme haukuwa na adabu. Duka zima lilinuka karatasi ya moto na unga wa wino. Harufu ile uliondoka nayo kwenye shati. Vitabu vya All England Law Reports ni vinene, na ukivibana vibaya kivuli cheusi cha mgongo humeza maneno ya mwisho wa kila mstari. Yeye alikandamiza kwa kiganja chote, akatulia, ndipo akabonyeza. Karatasi zilizoharibika aliniwekea niandikie upande wa pili. Kwa hiyo madesa yangu ya usafirishaji wa majini yana hati za viwanja na vyeti vya ndoa vya watu kwa nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wakili. Leo meli imezama tena?"

Ilizama, ndiyo, lakini kwa sheria ya wenyewe. Mwongozo ulishikilia Kanuni za Hague-Visby, ambazo Uingereza ilizitungia sheria 1971. Tanzania ilikwishajiunga na zile za Hamburg tangu 1979, zinazombana zaidi mwenye meli. Hamburg nilijifundisha mwenyewe, usiku, kwa chemli.

Kisha ikaja mikahawa ya intaneti, kisha simu. Leo tovuti ya TanzLII inatoa hukumu bure, kitu ambacho sisi tungekipigia magoti. Na vijana hawasomi! Wiki iliyopita kijana wangu aliniletea hoja zilizosimama juu ya aya mbili za hukumu. Kwingine kote hakugusa, na huko ndiko jaji alikompinga. Nikamwambia aichape yote, akae nayo mezani na kalamu. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama muhtasari usingetosha.