Kanga Yetu Inasema Nini?



Kwa kawaida kanga huwa na pindo, mji na jina. Tunapochagua doti dukani, wengi wetu husoma jina kwanza. Hapana ubaya. Lakini tujiulize: jina hilo tunamchagulia nani?

Mwaka mmoja tulikosana na mwenzetu wa jumuiya ndogo ndogo kwa ajili ya fedha za mchango. Hatukumwambia neno. Tulinunua kanga za sare zenye jina la kumchoma, tukajifunga na kupita mlangoni pake. Jumapili tulijifunga hizo hizo, tukapokea Komunyo.

Usiku mmoja aliletwa wodi ya wazazi, uchungu umemshika ghafla, hana hata kitambaa. Zamu ilikuwa yetu, sisi wawili tulio wauguzi. Mtoto alipozaliwa ilibidi akaushwe na kufunikwa upesi, maana kichanga hupoteza joto haraka. Kanga safi iliyokuwa karibu ilikuwa ile yetu. Mama akampokea mwanawe, akasoma jina, akanyamaza. Machozi yakamtoka. Tulimwomba radhi palepale, na Jumamosi tukaenda kuungama.

Mtume Yakobo anatuonya kwamba kinywa kinachomsifu Mungu hakifai kuwalaani watu. Kanga nayo ni kinywa. Basi mama mwenzetu, kabla hujalipa, lisome jina tena ujiulize: kanga hii naweza kumfunika nayo mtoto wa jirani yangu?