Kupe si Papasi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Yumkini aliyeitunga methali hii hakuwa na kupe mawazoni. Hata hivyo, ndiyo iliyomjia mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Mtongwe katika eneo la Likoni, alipopewa zoezi la kutafsiri makala ya kisayansi kuhusu vimelea vya nje vya mamalia wadogo wa misitu ya tropiki. Istilahi ya "mwenyeji" hakuitafuta mbali, kwani ndiyo itumikayo kwa mnyama anayeishi na vimelea mwilini mwake. Wageni ndio waliomshinda.

Makala ya asili ilikuwa na viumbe chungu nzima, kila kimoja kwa jina lake. Yeye aliwakusanya wote katika kapu moja na kuwaita "wadudu wanyonyao damu". Karatasi yake ilirudi imejaa wino mwekundu. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika: "Mdudu ana miguu sita, kupe aliyekomaa ana minane. Kiswahili kina majina ya hawa. Nenda ukaulize."

Likizo ilipofika, binti huyo alivuka kwa feri pamoja na umati wa jioni, akapanda matatu hadi Mtongwe. Alimkuta nyanya yake uani, ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za jamaa wote, alitoa karatasi yake.

"Nyanya, kupe na papasi si kitu kimoja?"

Bi kizee aliacha kukuna. Alikuwa amezaliwa Kwale, pembezoni mwa msitu wa Shimba Hills, na kulelewa katika nyumba ya udongo yenye sakafu ya udongo.

"Mjukuu wangu," alisema, "hayo ndiyo mnayofundishwa huko? Kupe hakutoki. Humng'ang'ania mbwa siku ayami mpaka afure kama kunde. Papasi ni mwizi wa usiku. Hutoka ufani umelala, akanywa, akarudi zake. Asubuhi waona alama, mwenyewe humwoni."

Kisha akaendelea kuwahesabu kwa vidole vilivyojaa machicha. Kiroboto huruka, na makao yake hasa ni malaloni mwa mnyama. Chawa hauachi mwili abadani. Utitiri ni kama vumbi, ila vumbi haliwashi. Ukitaka kuwajua, alisema, usitazame miguu, tazama wanapolala.

Mwanafunzi aliandika kila neno. Aliporejea maktabani alistaajabu kuona kwamba bi kizee, asiyepata kushika kitabu cha biolojia, alikuwa amewapanga viumbe hao karibu sawa na wataalamu. Kupe jike hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, akaanguka akiwa ameshiba, akataga mayai kwa maelfu, kisha akafa. Papasi hunywa kwa muda mfupi tu na kurudi ufani, na anaweza kustahimili njaa kwa miaka. Viroboto wachanga hawaishi mwilini mwa mnyama. Hukulia tunduni mwake, wakila uchafu na damu iliyokauka inayodondoshwa na wakubwa wao. Chawa naye hutaga mayai juu ya nywele au manyoya yenyewe, na akimkosa mwenyeji hadumu.

Alijifunza pia kwa nini wanyama wadogo hawapaswi kupuuzwa. Kupe wa jamii nyingi huanza maisha kwa panya, au kwa sengi, yule mnyama wa msituni mwenye pua ndefu ambaye wengine humwita sange, na ndipo wakikomaa huhamia kwa mbwa, mbuzi na ng'ombe. Naye kiroboto wa panya ndiye aenezaye tauni, ugonjwa ulioitesa wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwenyeji akiwa mdogo, haina maana kwamba wageni wake ni wa kudharauliwa.

Lakini sababu ya nyanya kuacha kukuna nazi haikuwa elimu. Aliieleza usiku huo, komba wakilia katika mwembe wa jirani.

Kifungua mimba wake, mjomba wa binti huyo, alipatwa na homa akiwa na umri wa miaka minne. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa za malaria, akapata nafuu. Baada ya wiki moja homa ilirudi. Akapelekwa tena, akapewa dawa zile zile. Mama alimwambia mganga kijana, aliyetoka bara, kwamba mtoto alilala chini na papasi walimla. Kijana yule akaandika "kupe" na kusema kupe ni wa ng'ombe. Homa iliporudi mara ya tatu, mtoto hakuweza tena kusimama. Mzee mmoja mfagiaji, mwenyeji wa huko huko Kwale, ndiye aliyesikia neno papasi akalitilia maanani. Akamwita mkubwa wa zahanati, damu ikatazamwa upya kwa hadubini, mtoto akachomwa sindano iliyofaa. Mjomba huyo yu hai hadi leo, na ana wajukuu.

Hiyo ndiyo homa ya papasi, ambayo kwa desturi huondoka na kurejea. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa Kongo akiichunguza pamoja na mwenzake, John Todd. Ilimpata yeye mwenyewe, akafia huko huko. Watu wamelipa kwa roho zao ili papasi atofautishwe na kupe. Kuyachanganya maneno hayo mawili si kosa la tahajia.

Aidha, Kiswahili kimezihifadhi tabia hizo hata pale kinaposema kwa mafumbo. Katika Tanzania ya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, maana hung'ang'ania na kufura kwa jasho la wengine. Zanzibar, vijana wanaowaandama watalii huitwa mapapasi. Hutokeza ghafla, wakapata chao, wakatoweka. Na katika miaka hii ya karibuni, anayejipendekeza kwa mkubwa na asiyebanduka ubavuni pake huitwa chawa. Hakuna aliyekaa kikao kuyapanga mafumbo hayo, wala hakuna lililokosewa.

Lilibakia jina moja. Makala ilimtaja kiumbe aishiye katika manyoya ya panya buku: mdudu bapa, kipofu, asiye na mabawa, ambaye huzaa badala ya kutaga mayai, na hula chembe za ngozi na ukungu. Wanasayansi humwita Hemimerus. Binti alimweleza nyanya yake umbo lake lote. Bi kizee alifikiri kitambo.

"Huyo hakutuuma," akasema. "Nani angempa jina?"

Katika zoezi alilowasilisha upya, mwanafunzi huyo aliandika kupe, papasi, kiroboto, chawa na utitiri, kila mmoja mahali pake. Penye Hemimerus aliweka maelezo bila kubuni istilahi, akiwaachia mhadhiri na wenzake darasani wajadiliane.

Leo nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zina sakafu za saruji, na ni heri, kwa kuwa papasi hana ufa wa kujificha. Lakini mtoto anayezaliwa humo hukua akisema "wadudu" tu, na jirani yake wa Kwale au Kilifi angali akilala chini. Wanaojua tofauti ni wazee, nao wanapungua. Wanafunzi wa Kiswahili wanaosaka istilahi katika kamusi za kigeni wangefanya vyema kuanzia uani kwao, kwenye mbuzi ya nazi. Chawa hadumu bila mwenyeji, na neno nalo ni vivyo hivyo.