Kasa Katika Tangi la Babu

Siku hizi ukitaja Tanga na samaki kwa mpigo mmoja, mtu atakukatiza akuulize habari za silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa na majarife ya wavuvi wetu miaka ya 2000, hata mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mimi silikanti nimemwona kwenye picha tu. Habari yangu ni ya samaki wa kawaida kabisa: chewa wawili, kolekole mmoja na kikande mmoja, waliokaa sebuleni kwa babu yangu, Chumbageni. Na ni habari ya mtoto wa kasa ambaye mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nilimtumbukiza kati yao mwaka 1996 nikiwa darasa la tano.

Babu alikuwa amestaafu kazi ya bandarini. Wenzake walipostaafu walifuga kuku, yeye akafuga samaki wa baharini. Alitengenezewa tangi la vioo vinene, fremu ya chuma, urefu futi sita, akaliweka chini ya dirisha. Kila Jumapili tulikokota mkokoteni hadi Raskazone kujaza madumu kumi ya maji ya chumvi, kwa sababu samaki wale walikunywa, walikula na kunya humo humo, na maji yasipobadilishwa yalinuka hadi kwa jirani. Palikuwa na kipampu cha hewa cha umeme. Umeme ukikatika (na ulikatika!), ilikuwa zamu yangu kukaa na kopo, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie pumzi, hata saa sita za usiku.

Chewa walikuwa wamefika urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Chewa hatafuni. Hukaa kimya kama mzee anayesinzia barazani, dagaa akipita hufumbua domo, maji yanavutwa ndani pamoja na dagaa, basi, kwisha habari. Kolekole hakutulia, alizunguka tangi tangu asubuhi hadi usiku. Kikande ndiye aliyekuwa mdogo na mzuri kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na roho mbaya. Kinywa chake kidogo, lakini meno yale yanavunja gamba la kaa.

Mwezi wa sita mwaka ule binamu yangu alikuja kutoka Kigombe na kopo la Kimbo lililojaa maji. Ndani mlikuwa na mtoto wa kasa, mkubwa kama kibiriti, mweusi mgongoni, mweupe tumboni. Alimwokota kwenye majani pwani asubuhi, amepotea njia. Nilimwita Nahodha siku ile ile.

"Huyu si wa kuweka," Babu alisema. Mimi nikaanza kulia, na Bibi akaingilia kati, kwani mbele ya Bibi mimi nilikuwa "mume wangu" na mume haliliwi machozi na mtu. Wakakubaliana akae kwanza kwenye beseni, peke yake, akipata nguvu arudishwe. Babu aliniwekea sharti moja tu: asiingie tangini. Alisema kasa si samaki. Kasa anavuta pumzi kama wewe, lazima apande juu, na kila akipanda juu anapita mbele ya mdomo wa mtu.

Nilimlisha dagaa waliosagwa na vipande vidogo vya pweza. Nikimtoa na kumweka kiganjani, jicho lake lilitoa machozi mazito. Bibi alisema analilia mama yake. Siku hizi najua kwamba kasa wote hutoa chumvi ya ziada kwa tezi zilizo karibu na macho, lakini bado nikikumbuka lile chozi sifikirii tezi.

Ndani ya beseni nani angemwona? Hapo ndipo paliponiponza. Rafiki zangu walimchungulia mara moja wakaondoka kwenda kucheza mpira. Nami nilishamwona katika mawazo yangu akipaa ndani ya maji marefu, samaki wakubwa wakimpisha kama msafara wa rais. Wiki ya tatu Babu alikwenda Pangani kwenye arobaini ya ndugu yake, siku tatu. Siku ya kwanza tu, baada ya shule, nikamtia.

Sarafu ya shilingi kumi kwa kila mtoto, ndicho kilikuwa kiingilio. Walikuja kumi na wanne. Na kweli bwana, alipendeza! Alipiga mbawa zake zile kama ndege, akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha upande wa dirisha, ule uliokuwa na mwanga, akabaki pale pale, anapiga kioo kwa uso, anapanda kuvuta pumzi, anarudi kupiga. Mimi nilikuwa nimesimama upande huo. "Mnaona? Ananijua," nikawaambia. "Ananisalimia." Chewa mmoja alisogea, akamvuta kinywani, akamtema. Watoto walipiga makofi. Nami nikacheka nao, kwani alitemwa mzima.

Usiku ule umeme ulikatika. Nikaamka, nikachota maji kwa kopo kama kawaida, gizani, bila taa, nikasikia tu kitu kinapiga kioo, ta, ta, ta. Nikaona moyo umetulia, yuko hai. Nikarudi kulala.

Asubuhi mbawa yake ya kulia, ya mbele, haikuwepo. Kilibaki kipande kama ukucha, cheupe. Kikande alikuwa pembeni, ametulia mno, na Nahodha alikuwa bado kwenye kioo cha dirishani, anapiga kwa mbawa moja, kwa hiyo kila akisukuma mwili unageuka, anajirekebisha, anasukuma tena.

Bibi alimpaka manjano kwenye kidonda. Tukimrudisha majini manjano yanatoka, tunampaka tena. Ndio udaktari tuliokuwa nao.

Babu aliporudi nilimwamkia kutoka mbali. "Shikamoo, Babu." "Marahaba." Akatazama beseni. Nikaanza, "Ni kikande, Babu..."

"Sikuulizi aliyeng'ata. Nakuuliza aliyemtia mle."

Nikatoa zile sarafu kumi na nne nikaziweka mezani, sijui kwa nini, labda nilidhani ndiyo malipo. Nilingoja fimbo. Haikuja. Alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akaanza kunisimulia habari za Maziwe.

Maziwe kilikuwa kisiwa kidogo mbele ya Pangani, chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda pale kutaga kwa wingi, kasa wa kawaida na ng'amba. Babu alikuwa akienda na wenzake kuchimba mayai, wanajaza makanda. Baba yake naye alikuwa mvuvi wa kasa, akitumia chazo. Kwa asiyejua, chazo ni samaki mwenye kigandio kichwani, anayejibandika kwa papa au kasa apate usafiri wa bure. Wavuvi wa pwani yetu walimfunga kamba mkiani, wakimwona kasa wanamwachia, chazo anakwenda kujibandika mgongoni kwa kasa, nao wanavuta kamba polepole. Babu alisema alipokuwa mdogo aliona ni mchezo mtamu kuliko mingine yote.

Mwaka 1975 Maziwe ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, lakini mivinje ilikuwa imekatwa, na kabla muongo ule haujaisha bahari ikakila kisiwa chenyewe. Leo ni fungu la mchanga. Maji yakijaa, hulioni.

"Nimekula mayai ya Maziwe hata siwezi kuhesabu," alisema Babu. "Sasa nikupige wewe kwa mbawa moja?"

Ningalipendelea fimbo.

Tulimpeleka Raskazone jioni ya tatu, maji yakitoka. Babu aliingia mpaka kiunoni na suruali yake. Hakunipa nimwachie mimi, wala sikuomba. Nahodha alikwenda upogo, akipinda kulia, anapinduka, anapanda juu kuvuta pumzi, na kichwa chake kidogo kikaonekana mara mbili. Mara ya tatu sikukiona.

Nimekua, nimetembea. Nungwi, kule Unguja, kuna lile ziwa la Mnarani ambalo wanakijiji walilianzisha mwaka 1993, shimo la mwamba ambalo bahari huingia na kutoka yenyewe. Humo kasa na samaki huogelea pamoja. Nilisimama ukingoni karibu saa nzima nikingoja balaa, halikutokea. Wale ni kasa wakubwa, mgongo kama sinia la pilau. Nani atawagusa? Wadogo niliwakuta wametengwa kwenye mabeseni.

Ushongo nako nimefika. Kwa kuwa fungu la Maziwe hufunikwa na maji, mayai yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo, yafukiwe juu ya usawa wa bamvua, na baada ya siku kama sitini hivi watoto hutoka. Nilikuwepo siku moja walipotoka. Kijana aliyekuwa akilinda kiota alituambia tusiwashe tochi, kwa sababu wao hufuata mwanga wa bahari. Wakishaingia majini huogelea bila kupumzika kuelekea bahari kuu, mchana na usiku, mpaka wawe mbali na samaki wakubwa wa miambani, hao akina chewa.

Niliposikia hivyo ilinibidi nikae chini mchangani. Nadhani hakuwa akinisalimia. Alikuwa anaondoka. Usiku kucha alikuwa anaondoka, na mimi nimeshika kopo.

Kasa huchukua miaka 20, hata 40, kufika utu uzima. Kama alipona, huenda sasa naye ni mtu mzima. Sidhani alipona.

Babu alifariki mwaka 2004. Samaki walikuwa wameshakufa zamani, mmoja mmoja, na tangi alilichukua mama mdogo, akakata kioo cha juu akaweka mlango, ndilo kabati lake la maandazi mpaka leo. Juzi nilipita kununua. Mwanawe wa mwisho akaniuliza, "Eti kaka, ni kweli humu zamani mlikuwa na samaki?"

Nikamwambia ni kweli. Chewa wawili, kolekole mmoja na kikande.

"Na nani mwingine?"

Nikamwambia anifungie maandazi sita.