Hadhira Iliyobaki Nyumbani

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuigawa hadhira mafungu mawili: hadhira tendi, ile inayoitikia, kuuliza na hata kukatiza; na hadhira tuli, ile inayotazama na kusikiliza tu. Mgawanyo huu hufundishwa hata katika shule za sekondari, na aghalabu hupokewa bila kudadisiwa. Haukutungwa, hata hivyo, kwa ajili ya mtu aketiye sebuleni kwake Njoro, mlango umetiwa komeo, akitazama mchezo ulioigizwa London miaka tisa kabla. Je, mtu huyo ni hadhira ya aina gani? Au si hadhira kabisa?

Swali hili lilimkera mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili mnamo Aprili 2020. Marufuku ya kutoka nje usiku ilikuwa imeanza Machi 27, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kumbi zote zilikuwa kimya. Jiji la Nairobi, alikoishi bintiye, lilikuwa limefungwa tangu Aprili 6, haliingiliki wala halitokeki. Binti huyo ndiye aliyemtumia babake fedha za bando la intaneti na kumhimiza asikose kutazama The Phantom of the Opera, mchezo wa nyimbo wa Andrew Lloyd Webber uliofunguliwa London mwaka 1986. Ulikuwa urushwe bila malipo kupitia YouTube, Ijumaa ya tarehe 17, saa tatu usiku kwa saa za hapa, na kubaki huko kwa siku mbili tu. Kilichorushwa kilikuwa rekodi ya maonyesho ya mwaka 2011 katika Royal Albert Hall, mchezo ulipotimiza miaka 25.

Simu iliunganishwa na televisheni kwa waya. Picha ilikwama mara kadhaa, mwimbaji akabaki kinywa wazi kama samaki, kisha akaendelea. Wimbo mmoja mkubwa ulipokwisha, Mwalimu alipiga makofi. Mkewe, ambaye alikuwa akifuma sweta kando yake, aliinua macho.

“Mwalimu, unampigia nani makofi?”

“Mazoea tu, Mama.”

Jibu hilo halikumridhisha hata yeye mwenyewe. Katika rekodi ile hadhira tayari ilikuwamo: watu wa mwaka 2011 walisikika wakishangilia, wakikohoa, wakishusha pumzi. Makofi ya Njoro yalijiunga na makofi yaliyokwisha kupigwa, kama mtu aitikiaye “amina” msikitini baada ya waumini kutawanyika. Zaidi ya hayo, kamera ilikuwa imemchagulia pa kutazama. Katika ukumbi, jicho la mtazamaji lina uhuru wa kumwacha mwimbaji na kumtazama yule anayeimbiwa, au hata mpiga fidla aliyekosea. Sebuleni uhuru huo haupo.

Hata hivyo, yafaa haki itendeke. Mwalimu hakuwahi kufika London, na nauli, viza na tiketi vingemeza pensheni yake ya miezi mingi. Usiku ule aliona shanga za mavazi na jasho la waigizaji kwa ukaribu ambao hata watu wa viti vya juu katika ukumbi wenyewe hawakuupata. Kulidharau jambo hilo ni kiburi cha wenye tiketi.

Kilichomfanya asitosheke ni kumbukumbu ya mwaka 1982. Wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ngũgĩ wa Thiong’o na kikundi cha Kamiriithu walikuwa wakiandaa Maitũ Njugĩra, mchezo uliosheheni nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya na uliosawiri maisha ya wafanyakazi katika enzi ya kipande. Februari mwaka huo walizuiwa kuingia katika Ukumbi wa Kitaifa. Wakaendelea na mazoezi chuoni, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo, hadi nayo yakakomeshwa. Mwezi uliofuata serikali iliubomoa uwanja wa maonyesho wa Kamiriithu. Maonyesho rasmi hayakufanyika hata mara moja.

Mwalimu hakupata kiti. Alibanwa kwenye ngazi, akasikia mengi na kuona machache: bega la mtu, kipande cha taa, mkono uliopanda na kushuka. Nyimbo zilipoimbwa, watu wa ngazini waliitikia, na waigizaji waliojua kwamba nje kuna watu wakapaza sauti zaidi. Kwa kipimo cha macho, aliona zaidi mwaka 2020. Kwa kipimo kingine alikuwapo mwaka 1982 tu. Pengine hapo ndipo mgawanyo wa tendi na tuli unapokosa shabaha. Mtu anaweza kukaa kimya kabisa ukumbini na bado kimya chake kikamfikia mwigizaji na kumbadilisha. Naye wa sebuleni anaweza kupiga kelele hadi majirani waamke, asimbadilishe yeyote. Kinachomfanya mtu kuwa hadhira ni kwamba mwigizaji anajua kuwa yupo.

Baada ya usiku ule Mwalimu alifungua daftari la kupanga safari za sanaa, kwa siku ambayo milango ingefunguliwa. Mkewe, aliyewahi kuwa karani na aliyependa hesabu zilizonyooka, ndiye aliyeandika nauli na saa za kuondoka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Nakuru, mwendo wa kilomita ishirini hivi: Nakuru Players Theatre, masalio ya enzi ya walowezi, na kumbi za shule ambako vikundi huzunguka na vitabu vya mtihani. Wahakiki hawavijali sana vikundi hivyo, na hilo ni kosa. Wanafunzi wengi wa Bonde la Ufa waliosoma Kigogo cha Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege walikutana na jukwaa kwa mara ya kwanza kupitia kwa vijana hao wenye mandhari ya mbao nyepesi na vipaza sauti vya kukodi.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa Nairobi. Mei 2022 walikwenda huko kutazama Ngaahika Ndeenda, mchezo ambao kibali chake kiliondolewa Limuru mnamo Novemba 1977, ukiigizwa sasa katika Ukumbi ule ule wa Kitaifa. Mkewe alisema kiti kilikuwa kigumu. Alisema pia kwamba mama aliyeketi nyuma yao aliimba kila wimbo, na kwamba hakutaka anyamaze.

Safari iliyohitaji maandalizi machache kuliko zote ilikuwa ya Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lilipofanyika Nakuru. Shule ya Wasichana ya Butere ilileta Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuigiza. Malala alikamatwa, polisi wakawatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Alhamisi ya tarehe 10 wasichana walifikishwa jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba hapakuwa na hadhira.

Habari ziliwakuta Mwalimu na mkewe kwenye steji ya matatu ya Njoro, chakula cha mchana kimo kikapuni. Walirudi nyumbani na kuyatazama yaliyotokea katika vipande vifupi vya video, jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Safari hii kioo hakikuwa badala ya ukumbi, kwa kuwa ukumbi wenyewe ulikuwa umenyimwa watu. Mwalimu alirudia kutazama mara tatu pale wimbo unapokwisha na wasichana wanapogeuka. Hakupiga makofi.

Jioni hiyo mkewe alitaka kuifuta safari ile daftarini, kwa kuwa haikufanyika. Mwalimu alimwomba aiache, aandike nauli yake sufuri. Chini yake mkewe aliandika nyingine: Nakuru, mchezo wa kitabu cha mtihani, kuondoka saa mbili asubuhi, nafasi nne, mbili za watoto wa jirani.