Wote Niliwafanya Kuku

Wanafunzi waliziita hesabu za mafumbo, na kwa miaka 31 niliyofundisha sekondari mkoani Dodoma sikuona kitu kilichonyamazisha darasa kama hizo. Mlinganyo mtupu, x na y zimekaa mahali pake, waliumaliza kabla sijafuta chaki mikononi. Watie mbuzi na kuku humo, kalamu zinalala.

Nililaumu uvivu. Kumbe watoto hawa walikuwa wamesoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba ya msingi, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Hata aliyeyaelewa maneno aliyafuata yalivyopangwa: ukisema baba ana umri mara tatu ya mwanawe, anaandika 3b = m, na baba anakuwa mdogo kuliko mtoto. Nami napiga kosa, nasonga mbele. Silabasi haimsubiri mtu.

Siku moja, kwa kuchoka tu, nikalitega fumbo kwa Kiswahili, kinyume na kibao cha “Kiingereza tu” kilichokuwa juu ya mlango. Zizini mna mbuzi na kuku, vichwa 30, miguu 84. Wako wangapi kila aina? Binti mmoja wa viti vya nyuma, asiyenyoosha mkono hata kwa bahati mbaya, akaleta daftari lenye jibu peke yake: mbuzi 12, kuku 18. Nikampa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika: njia iko wapi?

Alinifuata ofisini.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwalimu, njia ninayo. Wote niliwafanya kuku. Kuku 30 wana miguu 60, ikabaki 24. Mbuzi anamzidi kuku miguu miwili. Basi mbuzi ni 12.”

Nikaweka kikombe cha chai chini, nikaandika nyuma ya bahasha njia niliyoifundisha asubuhi ile: m + k = 30, na 4m + 2k = 84. Zidisha wa kwanza kwa 2, unapata 2m + 2k = 60. Utoe kwenye wa pili, inabaki 2m = 24. Ile 60 yake imo, na ile 24 imo. Mimi nilikuwa naondoa herufi, yeye anaondoa miguu. Sifuri nikaikata, nikaandika kumi pembeni.

Tangu hapo mada hiyo niliianzia zizini, herufi zikaja wiki ya pili. Mkaguzi mmoja hakupendezwa, tukaachana hivyo hivyo.

Nilipokaribia kustaafu nikasoma habari za kitabu cha kale cha Kichina, Sunzi Suanjing. Kina fumbo la ndege na sungura waliofungiwa tundu moja: vichwa 35, miguu 94. Mwandishi wake hatumii herufi yoyote. Anagawa miguu kwa 2, anapata 47, anatoa vichwa 35, sungura 12. Huyo naye ningempa sifuri.